Hakuna Waya wa Rangi ya Chungwa

Baazuri, karibu na Jirapa
4 Desemba 2002

Mwanangu Domitila,

Nyumba nzima inakusalimu. Uwele umeingia ghalani, haukujaa lakini hautuaibishi. Upepo wa Harmattan umetangulia mwaka huu: asubuhi tunapangusa vumbi mezani, adhuhuri tunalipangusa tena. Mama yako mkubwa Eulalia hatoki kwenye kitanda chake cha kufumia, ana oda ya majoho ya harusi ya watu wa Nandom. Paka-mwitu amekula kanga wawili. Kaburi la baba yako nimelipalilia mwenyewe.

Habari yenyewe ni kwamba kompyuta imekufa.

Jumanne asubuhi niliiwasha kama kawaida. Feni ya nyuma ilizunguka kidogo ikasimama. Nikabonyeza tena, ikashtuka tu. Mara ya tatu haikufanya kitu, na tangu hapo haijafanya. Palikuwa na harufu ya samaki aliyeungulia sufuriani. Skrini ni nzima, ina taa yake ya njano, lakini haioneshi chochote kwa sababu haipelekewi chochote.

Unajua kilichomo. Tangu nistaafu kusoma habari redioni sina kazi nyingine ila kamusi ya lugha yetu, na kamusi yote imo ndani ya mashine ile. Nimesahihisha hadi mwisho wa herufi L. Kiwanda cha chapa cha Tamale kinataka kazi iliyokamilika kufikia Pentekoste. Nikichelewa, wanaingia kwenye katekisimu na nyimbo, mimi nasubiri mwaka ujao. Mwaka ujao sina uhakika nao.

Wewe ndiye fundi tuliye naye katika ukoo. Niambie nifanye nini.

Barua hii naipeleka kwa Atanga, dereva wa basi la Kumasi. Ni Mfrafra, kwa hiyo ni mtani wetu na mtumwa wetu, ingawa yeye anadai kinyume. Ikichelewa, ujue ameishikilia mpaka apikiwe kichwa cha mbwa, ule utani wetu wa tangu mababu.

Utakuja Krismasi?

Baba yako mkubwa,
Ansgar Dakura


Adum, Kumasi
12 Desemba 2002

Shikamoo Baba mkubwa,

Mimi ni mzima, na namshukuru Mungu kusikia kuwa nanyi ni wazima. Hapa joto, kelele na kazi, kama kawaida. Veranda ninayofanyia kazi imejaa mashine za watu mpaka wateja wanapita upande upande. Mwambie Mama mkubwa joho alilonifumia bado linasifiwa kanisani. Pole kwa kanga.

Umeandika kama taarifa ya habari ya saa moja, na hilo limenisaidia. Naanza na vya nje kabla ya vya ndani.

Chukua taa ya mezani uichomeke kwenye tundu lile lile la ukutani. Ikiwaka, tundu ni zima. Kisha ifuate stabilaiza, chomeka taa hiyo hiyo ndani yake. Halafu fungua plagi ya kompyuta, ile yenye meno matatu. Ndani mna fyuzi. Badilisha na ya pasi uone. Mwisho, tazama nyuma ya mashine karibu na feni, kuna swichi ndogo nyekundu yenye namba. Lazima isome 230. Mashine hizi za mitumba mara nyingine hufika zikiwa zimewekwa 115, na mtu anayepangusa vumbi anaweza kuisukuma bila kujua.

Vyote hivyo vikiwa sawa, basi tatizo liko kwenye pawa saplai, yaani sanduku la chuma lenye feni, linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa mdogo mdogo kwa sehemu nyingine. Hilo usilifungue. Hata ukishachomoa plagi, usilifungue. Ndani mna vikopo vinavyoshika umeme baada ya plagi kutoka. Baba aliuawa na waya alioambiwa kuwa umezimwa. Siandiki zaidi ya hapo.

Kuhusu kamusi usiwe na hofu kubwa. Haiko kwenye pawa saplai, iko kwenye diski. Mwombe katekista aichomoe, uifunge kwenye nguo, umpe Atanga. Nitainakili hapa siku hiyo hiyo na kukurudishia.

Mwandiko wako umekuwa mkubwa, Baba mkubwa. Ukurasa mzima una mistari michache tu. Kalamu imekuwaje?

Mwanao,
Domitila


Baazuri
2 Januari 2003

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya kutoka kwetu sote. Krismasi ilikuwa tulivu. Padre alihubiri muda mrefu, pombe ya mtama ikachacha kupita kiasi, watu wakainywa hivyo hivyo. Eulalia alikuwekea paja la mbuzi mpaka sikukuu ya pili ya Krismasi, kisha akaligawa.

Majibu ya maswali yako. Tundu la ukutani: taa imewaka. Stabilaiza: taa imewaka. Fyuzi: nimeweka ya pasi, hakuna mabadiliko, na fyuzi ya kompyuta nayo imewasha pasi. Swichi nyekundu: inasoma 230. Kwa hiyo ni hilo sanduku.

Diski haitoki hapa. Nilishampa mgeni mmoja mwenye shahada mbili nakala ya herufi A hadi D, zikiwa kwenye flopi, aende kuzisoma Accra. Mpaka leo anazisoma. Siwezi kumpa kazi yangu yote mtu anayedai kichwa cha mbwa. Na hata ungenirudishia nakala, ningeisomea wapi? Nahitaji mashine, si diski.

Ulitaka kujua kuhusu kalamu. Ni kalamu za wino mnene zilizoletwa shuleni, nimepewa moja.

Hukujibu kuhusu kuja.

Ansgar


Kumasi
15 Januari 2003

Shikamoo Baba mkubwa,

Salamu nyingi. Nilipata homa wiki ya kwanza ya mwaka, imepita. Mama mkubwa anisamehe kwa paja la mbuzi.

Nina swali kabla ya jingine lolote. Mara ya mwisho nilipoiona mashine ile ilikuwa kwenye picha ya Pasaka uliyonitumia, na ilikuwa imevaa kitambaa kilichofumwa, chenye mistari ya buluu, kimeteremka mpaka nyuma. Je, kitambaa hicho huvuliwa mashine inapofanya kazi? Feni inavuta hewa kwa nyuma. Ikizibwa, sanduku linajipika lenyewe.

Sasa jaribio. Mama mkubwa awe karibu nawe, na uvae kandambili za mpira. Fungua ubavu wa mashine, plagi ikiwa imechomolewa ukutani. Kuna plagi kubwa inayotoka kwenye pawa saplai na kuingia kwenye ubao mpana unaobeba kila kitu. Ina waya ishirini katika safu mbili. Ichomoe. Upande mmoja ina ndoana. Tazama safu ya upande wa ndoana, anzia mwisho ule wenye waya wa rangi ya chungwa. Wa nne ni wa kijani, uko peke yake, na jirani yake ni mweusi. Unganisha tundu la kijani na la mweusi kwa kipande kifupi cha waya kilichovuliwa ncha. Baada ya hapo tu ndipo uchomeke ukutani. Usishike chochote. Tazama feni.

Ikizunguka, sanduku linaamka na ubaya uko kwingine. Isipozunguka, limekufa.

Niandikie rangi ulizoziona kwa mpangilio wake. Na unieleze kwa nini unahitaji mashine na si karatasi. Ningeweza kukuchapia kamusi yote hapa ukaisahihisha kwa mkono.

Domitila


Baazuri
3 Februari 2003

Mwanangu Domitila,

Tunashukuru umepona. Vumbi limezidi, kanisani watu wanakohoa kuliko wanavyoimba. Mjomba wako wa Daffiama amepata mjukuu wa kike.

Kitambaa: Eulalia alikifuma makusudi kuizuia Harmattan isiingie. Hakivuliwi. Alipoyapata maneno yako alisema, "Kwa hiyo nimemfunika mtu pua nikidhani namkinga vumbi." Kisha akakivua, akakiweka juu ya redio.

Jaribio lilifanyika Alhamisi. Nilivaa kandambili. Eulalia alisimama nyuma yangu na mchi wa mtwangio.

"Huo wa nini?" nikamuuliza.

"Ukinaswa nikupige utoke."

"Utaniua kwa mchi."

"Afadhali mchi. Mchi naujua."

Matokeo ni haya. Waya wa rangi ya chungwa haupo. Nimetafuta safu zote mbili, haupo. Kwenye mwisho mmoja wa plagi mna waya mwekundu, kisha mweusi, kisha mwekundu. Wa nne upande wa ndoana si wa kijani. Kijani upo, lakini mahali pengine. Kwa sababu wewe ndiye fundi, kwanza niliunganisha mahali ulipopataja wewe. Kimya. Nikachomoa ukutani, nikaunganisha kijani chenyewe na mweusi wa jirani yake. Kimya pia. Kuna plagi nyingine ndogo pembeni ambayo hukuitaja.

Karatasi hazinifai. Nimezoea skrini.

Pentekoste ni tarehe nane Juni. Bado M hadi Z.

Ansgar


Kumasi
14 Februari 2003

Shikamoo Baba mkubwa,

Hongera kwa mjukuu wa Daffiama. Hapa tuna mgawo wa umeme kila siku ya tatu, na siku za giza nafanya kazi za bisibisi tu.

Nitasema wazi, na unisamehe kama nakuvunjia heshima. Waya wa chungwa upo. Pawa saplai za plagi hiyo ninazifungua kila siku, sijawahi kuona isiyo nao. Uko mwisho, pale pale ulipoona mwekundu. Mtu ambaye macho yake yanamchezea anaweza kuona chungwa kama nyekundu. Mwandiko wako unakua kila barua. Karatasi hazikufai. Baba mkubwa, unaona kiasi gani? Nani anakusomea barua zangu?

Halafu wewe huyo huyo unaingiza waya kwenye plagi ya umeme.

Usifanye jaribio jingine lolote peke yako. Mwombe Mama mkubwa atazame ile plagi kwa macho yake, achukue nyuzi zake za rangi, azipange kama waya zilivyopangwa, safu kwa safu, anitumie. Nyuzi zake haziwezi kukosea rangi.

Hata hivyo jambo moja ni dhahiri. Ulijaribu mara mbili na sanduku halikuamka. Limekufa. Kwa hiyo sisubiri nyuzi. Kesho nampa Atanga pawa saplai nyingine, nimeipima mwenyewe. Katekista afungue skrubu nne za nyuma, atoe ya zamani, aweke hii. Plagi kubwa ina umbo la kuingia upande mmoja tu. Ikiingia, imeingia sawa. Washeni.

Ukianza M kabla ya Machi, utawahi.

Domitila


Baazuri
26 Februari 2003

Mwanangu,

Wote wazima, isipokuwa mbwa wa jirani, aliyepotea. Nakuambia hilo kwa sababu mzigo wako nao unadaiwa kichwa cha mbwa.

Mzigo umefika Jirapa, lakini haujafika kwangu. Nilikwenda stendi na Eulalia. Atanga alikuwa juu ya boneti, anakunywa uji wa koko.

"Mzigo wangu, Atanga."

"Mzigo upi, mtumwa wangu?"

"Boksi kutoka kwa binti yangu."

"Ahaa, lile. Limelala kwangu vizuri, wala halina homa. Lete kichwa cha mbwa, masikio yote mawili yakiwepo, ulichukue."

"Babu yako alijiuza kwa babu yangu kwa kichwa hicho hicho."

"Ndiyo maana nakidai, Mzee. Hakikulipwa."

Stendi nzima ilicheka. Eulalia alimvua kofia na kuiweka kikapuni, akamwambia hataiona tena mpaka atoe boksi. Atanga akaendesha mpaka Kumasi bila kofia. Wiki iliyofuata alikuja na kofia mpya, na boksi hakutoa. Unajua mila: anayemkasirikia mtani ndiye ameshindwa, na wazee humtoza faini juu yake. Kwa hiyo sikasiriki. Lakini siku zinakwenda.

Sasa kuhusu macho. Ulitaka jibu wazi, hili hapa. Muuguzi wa macho wa Jirapa alinipima mwezi Agosti. Alisema presha ndani ya jicho imeua mishipa, na kilichoondoka hakirudi. La kushoto linatofautisha mchana na usiku. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Karatasi siisomi tena; barua zako ananisomea Eulalia. Kwenye skrini naweza kukuza herufi mpaka moja inakuwa kubwa kama ngumi, na hivyo nasoma. Sina mahali pengine duniani ninapoweza kusoma. Ndiyo maana mwaka ujao sina uhakika nao, na ndiyo maana diski au karatasi hazinisaidii. Nilifanya kazi kutoka A hadi L nikijua hivyo. Sikukuandikia kwa sababu ungeniletea huruma, na huruma haisahihishi kamusi.

Lakini katika jambo moja umenikosea. Rangi zile hazikuwa za macho yangu. Tangu siku ya kwanza aliyezitaja ni Eulalia, mimi niliandika tu. Amechukizwa. Amesema, "Miaka yote nafuma, leo naambiwa sijui nyekundu." Alikataa kukupangia nyuzi ovyo. Amekufumia kipande kizima, safu mbili kama ulivyotaka, uzi kwa uzi, na kile kiplagi kidogo amekifuma pembeni. Kimo humu. Barua hii nampa mwalimu anayekwenda Kumasi, nisije nikakutana na kichwa cha mbwa kingine.

Nikilipata boksi, katekista yuko tayari. Tutalichomeka siku hiyo hiyo.

Ansgar


Kumasi
5 Machi 2003, Jumatano ya Majivu

Baba mkubwa,

USICHOMEKE. Kama umeshachomeka, usiwashe. Kama umeshawasha, zima sasa hivi na uniandikie.

Barua hii iko katika nakala mbili. Moja nimempa Sista Klotilda anayesafiri leo hii kuja Jirapa kwa gari la masista, ya pili inakuja kwa basi.

Kipande cha Mama mkubwa nimekiweka juu ya meza kando ya plagi ya pawa saplai ya kawaida. Umbo ni moja, matundu ni yale yale ishirini, lakini waya hazifanani. Chungwa haipo, kama mlivyosema. Nimekwenda kumwuliza fundi mzee wa hapa Adum. Hakukitazama kitambaa hata sekunde mbili. Amesema kuna kampuni moja iliyowahi kutengeneza mashine zenye plagi ya umbo la kawaida, lakini waya ikazipanga kwa namna yake yenyewe, ili mteja alazimike kununua vipuri kwao. Yeye ameshaunguza mbili. Ukichomeka sanduku la kawaida kwenye mashine kama yako, linaingia bila shida, ukiwasha tu umeme mkubwa unapita mahali pa mdogo. Ubao unaungua palepale. Diski inaweza kwenda nayo.

Nilikuandikia kwamba ikiingia, imeingia sawa. Ni uongo, na niliuandika kwa uhakika. Mliniambia ukweli, nikaufanya kuwa ugonjwa wa macho.

Boksi liko wapi?

Domitila


Baazuri
14 Machi 2003

Mwanangu Domitila,

Kwanza lile unalolitaka: hatukuchomeka.

Sista Klotilda alifika hapa Ijumaa, akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akakataa kukaa wala kunywa maji kabla barua haijasomwa. Eulalia ndiye aliyeisoma, kwa sauti. Alipofika kwenye neno "usichomeke" alilisoma mara mbili.

Boksi lilikuwa bado kwa Atanga. Jumapili iliyotangulia nilishakubali kushindwa. Nilikuwa nimetafuta jogoo wa kumpa badala ya mbwa, na nimemwambia katekista aje Jumatatu na bisibisi. Atanga alimtazama jogoo akasema Mfrafra hadanganywi kwa ndege. Nikarudi na jogoo wangu. Angekuwa mtu wa kabila jingine ningemshtaki kituo cha polisi, na boksi lingekuwa mezani kwangu tangu Februari.

Jumamosi nilikwenda stendi nikamweleza yote. Akashuka kwenye basi, akaleta boksi mwenyewe, akaliweka mikononi mwangu.

"Kwa hiyo kitu hiki kingekuunguzia kazi yako," akasema.

"Kingeunguza."

"Na mimi ndiye niliyekuokoa."

"Ulikuwa unaniibia, Atanga."

"Basi, Mzee, sasa vichwa ni viwili."

Boksi liko chini ya kitanda. Mashine iko mezani, wazi ubavuni, haina kitu. Eulalia ameuliza tu kama kipande chake kilikaza vizuri, maana alifuma kwa haraka.

Imebaki M hadi Z, na sina pa kusomea. Sikuulizi tena kama utakuja. Nakuuliza kama kuna fundi mjini Wa unayemwamini.

Ansgar


Kumasi
22 Machi 2003

Shikamoo Baba mkubwa,

Sina fundi mjini Wa ninayemwamini. Nakuja mwenyewe kabla ya Jumapili ya Matawi.

Boksi lile lile litafaa, lakini itabidi waya zitolewe kwenye plagi, pini moja moja, na kurudishwa kwa mpangilio wa mashine yako. Kuna ncha nyembamba ya kubonyezea, ninayo. Kipande cha Mama mkubwa nakuja nacho, ndicho nitakachofuata. Nimekaza ncha zake kwa sindano zisifumuke njiani.

Umeniuliza tangu Desemba na sikujibu. Sijafika Baazuri tangu tumzike Baba kwa sababu nguzo ile aliyofia iko mbele ya mlango wako, na ndiyo inayoleta umeme ndani ya nyumba. Nimekuwa nikikufundisha kwa barua kushika waya zinazotoka kwenye nguzo hiyo, ili mimi nisiitazame. Nikiisoma sababu hiyo ilivyoandikwa naona haina maana. Nakuja.

Mama mkubwa asichinje kitu, ni Kwaresima.

Domitila


Baazuri
30 Julai 2003

Mwanangu Domitila,

Anayeandika ni mama yako mkubwa, mimi natamka. Anasema nisiende haraka. Salamu zetu zikufikie. Mvua imenyesha vizuri, uwele umefika magotini. Mtoto wa Daffiama amebatizwa.

Nilitaka taarifa hii uipate kwa mpangilio, maana ulipoondoka mashine ilikuwa inafanya kazi na mimi nilikuwa N.

Pawa saplai haijasumbua hata siku moja. Feni inasikika mpaka uani. Eulalia anaizima kila mvua inapotanda, kama ulivyomwelekeza, na anaichomoa ukutani pia. Yale matone ya macho uliyonipeleka kuyachukua natia asubuhi na jioni. Muuguzi alisema yatashikilia kilichobaki. Hayakukishikilia chote.

Mpaka S nilisoma mwenyewe. Mwezi Mei, nilipokuwa T, herufi moja ilikuwa inajaza skrini nzima. Neno lenye herufi sita lilinichukua muda wa kumaliza uji, na nilipofika mwisho wake nilikuwa nimesahau mwanzo. Siku moja katikati ya U sikuiona herufi kabisa. Niliona mwanga tu. Eulalia alikuwa kwenye kitanda chake cha kufumia, akauliza mbona mashine inaunguruma na mimi sibofyi.

Nikamwambia.

Akaja akakaa, akazipunguza herufi mpaka saizi ya watu wengine, akaanza kunisomea. Alijifunza kusoma darasa la jioni la parokia na hasomi haraka. Kila neno analisoma, mimi nasema ndiyo au hapana, anarekebisha. Ikafika Pentekoste tukiwa W. Niliwaandikia Tamale kuwa tumechelewa. Wakajibu kuwa mtambo wao wenyewe umeharibika, watasubiri. Tulimaliza Z siku ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane, na diski aliipeleka Sista Klotilda. Usicheke. Safari hii niliitoa mwenyewe.

Juzi wameniandikia. Msomaji wao amegundua jambo. Kila neno kwenye kamusi yangu lina sentensi ya mfano, na mifano yangu, anasema, ni ya chifu amewasili, mkutano umeahirishwa, mahakama imeamua. Lakini kuanzia katikati ya U mifano imebadilika. Sasa ni uzi umekatika, chungu kimepoa, mume wangu hataki kula. Ameuliza kama kuna mtu amekosea katika kuandika, na kama wairekebishe ifanane na ile ya mwanzo.

Mimi sikujua. Nilikuwa nasikiliza maneno, mifano alikuwa akiiandika mwenyewe bila kunisomea. Nilimuuliza kwa nini. Alisema mifano yangu ilikuwa ya watu wasiokuwepo nyumbani.

Nimewajibu Tamale waiache kama ilivyo.

Ansgar, kwa mkono wa Eulalia